Natafuta dalali wa mnada mwenye leseni Mbeya, kuna mizigo imetelekezwa stoo

MamaStoo_Uyole
Habarini za jioni wakuu, naomba msaada wenu. Nina vyumba 14 vya stoo hapa Uyole nakodisha kwa mwezi, mtu anafunga kufuli lake anaondoka, wapo wafanyabiashara wa sokoni na wapo waliohamishwa kikazi wakaacha makabati na vitanda. Sasa vyumba vitatu wenyewe hawalipi, mmoja miezi 11, mwingine 8, mwingine 7, simu hazipatikani na mimi benki wanasubiri rejesho lao kila mwezi.

Kuna kaka kaja, huku tunamjua kwa nyumba na viwanja, anasema nimpe ruhusa akate makufuli auze vyote Jumamosi, achukue asilimia 20. Nikamuomba leseni akasema kesho, leo siku ya 9. Na kinachoninyima usingizi ni huyu wa miezi 8, ni fundi nguo, niliona mwenyewe siku anaingiza cherehani 4, ndo kazi yake yule dada, sitaki kumdhulumu. Dalali wa kweli namjuaje jamani, na nimuulize nini kabla sijampa kazi?

Kabwe_Mjini
Dada usimpe ruhusa kabisa. Mimi nilikuwa na fremu Mwanjelwa, mpangaji akavuka Tunduma akaenda Zambia akapotea, nikauza vitu vyake kupitia mtu wa hivyo hivyo, hakuna orodha hakuna picha. Jamaa karudi baada ya miezi mitano anadai kulikuwa na jenereta na friji, mimi najua friji halikuwepo lakini nathibitishaje? Dalali simu kazima. Deni lilikuwa laki tatu na nusu, tukasuluhishwa kwa mwenyekiti wa mtaa nikamlipa milioni moja na laki mbili. Iliniuma sana.

MpigaNyundo_Iringa
Pole dada. Nafanya minada Iringa na Mafinga, ngoja nikueleze maana hapa kwetu neno dalali linachanganya watu. Yupo wa kukutafutia chumba au kiwanja, yupo dalali wa mahakama anayetekeleza amri za mahakama, na yupo dalali wa mnada anayefanya kazi kwa leseni chini ya sheria ya madalali, sura ya 227. Huyo wako ni wa kwanza. Leseni uione yenyewe, sio picha ya kwenye simu, soma jina na tarehe ya kuisha, halafu nenda ofisi iliyoitoa uulizie.

Ila kabla ya dalali toa mkataba wako usome. Umeandika kwamba asipolipa miezi kadhaa vitu vitauzwa? Maana kushikilia mzigo wa mtu mpaka akulipe ni jambo moja, kuuuza ni jambo jingine. Kama hukuandika, fungua madai ya deni, ukishinda dalali wa mahakama ndo anakamata na kuuza. Inachelewa lakini utalala usingizi.

Kama uliandika, dalali anayejua kazi cha kwanza atakuuliza notisi ulimpa lini na ushahidi uko wapi. Kufuli likatwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, kila kitu kiandikwe na kipigwe picha, cherehani aina gani, namba ngapi, inashona au mbovu, wote wasaini, mnafunga kufuli jipya. Tangazo litoke mapema, gari la spika lipite, watu waje wakague, maana mnada wa ghafla wanakuja watu watano wanaojuana na dalali na cherehani ya fundi inaondoka kwa bei ya kutupa. Muulize waziwazi, wewe au ndugu zako mnanunua kwenye minada yako? Akibabaika achana naye.

Kamisheni iandikwe, na iandikwe pia nani analipa gari la matangazo na vibarua, wengine wanakutajia asilimia ndogo halafu gharama zinameza kila kitu. Hela iingie benki, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke. Mkishakata deni na gharama, kinachobaki ni cha mwenye mali, si chako wala cha dalali.

Jembe_Mbalizi
Taratibu zote hizo kwa vitanda vya mbao? Auze tu kimya kimya apate chumba.

Kabwe_Mjini
Mkuu na mimi nilisema hivyo hivyo.

MamaStoo_Uyole
Ndaga fijo ndugu zangu. Nimefungua faili sasa hivi, mikataba miwili ina kipengele cha kuuza, wa miezi 11 hana, tuliandikiana karatasi tu. Huyo nitakwenda mahakamani. Na yule fundi kesho namtafuta kwao Tukuyu kwanza, mdhamini wake aliandika kijiji. Yule kaka nimempigia nimemwambia basi. Swali la mwisho, chumba cha miezi 7 niliwahi kuona boksi la picha za harusi na vyeti vya shule, navyo vinauzwa?

Mnyalu_Ughaibuni
Dada mimi niko Marekani, huku biashara ya stoo ni kubwa na kila jimbo lina sheria yake ya notisi na mnada. Kwenye minada niliyohudhuria wanafungua mlango, mnatazama mkiwa nje bila kugusa, mnanunua chumba kizima, lakini picha za familia na vyeti mnunuzi anavirudisha ofisini apewe mwenyewe.

MpigaNyundo_Iringa
Na hapa fanya hivyo. Vyeti na picha vitoe kwenye orodha ya mnada, funga boksi, andika jina lake, mwenyekiti asaini, ukitunze.