Ekari 50 sehemu kavu: ng'ombe wa Boran, mbuzi wa Galla au kondoo wa Dorper?

Mtafuta Malisho
Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha mjini, nafanya kazi za ofisini. Nina ekari 50 sehemu kavu na mtaji unaotosha ng'ombe 15 hivi wa Boran, au nigeukie mbuzi wa Galla, au kondoo wa Dorper. Nataka niwe nimeshaingiza mifugo kabla ya vuli. Mwenye uzoefu wa kufuga sehemu za ukame anilinganishie kipi kinalipa zaidi. Wa kukatisha tamaa wapite tu. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Olasiti
Mbuzi. Uzi ufungwe.

Dokta wa Josho
Uzi haufungwi. Mtoa mada, "sehemu kavu" ndiyo wapi? Longido ni kavu, Same ni kavu, Simanjiro ni kavu, na kila moja ina shida zake. Maji unatoa wapi mwezi wa tisa? Josho lipo karibu? Nani atalala na mifugo wewe ukiwa ofisini? Unauza nyama, maziwa au mifugo ya mbegu? Jibu hayo kwanza, vinginevyo tutakuwa tunakupigia ramli.

Mama Ndafu
Mimi wala sihitaji majibu hayo yote, namuunga mkono kijana wa Olasiti. Naleta mbuzi Moshi kutoka minadani, Weruweru na kwingine, najua kinachonunuliwa. Mbuzi wetu wa kienyeji jike ni kilo 25, akijitahidi 30. Galla jike aliyetunzwa anafika 45 na kuendelea, dume anapita 60. Mimba miezi mitano, na mapacha si ajabu. Desemba Wachagga wakianza kushuka kwenye mabasi, dume aliyehasiwa mapema akanona hamalizi asubuhi sokoni, anaondoka kwenda kuwa ndafu. Ng'ombe utamsubiri miezi tisa azae, halafu miaka ndama akue. Na mwaka wa ukame mbuzi anasimama kwa miguu miwili anakula majani ya mgunga, ng'ombe anamwangalia tu.

Layoni wa Zamani
Mama Ndafu umesema vizuri, ila umemaliza upande wa biashara ukaacha upande wa boma. Mbuzi wakipata homa ya mapafu zizi zima linakohoa. Na kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, imeshapita huku kwetu kaskazini. Bila chanjo hesabu zako zote ni za kwenye karatasi.

Kuhusu kondoo: Dorper anakua haraka na ana mwili, sikatai. Lakini masika ikinyesha ya kweli, minyoo inayonyonya damu tumboni inamlaza. Kondoo mwekundu wa Kimaasai anaihimili zaidi. Ukitaka kujua nani kazidiwa, mshike kichwa, vuta kope la chini. Jicho jekundu, mwache. Jicho jeupe, huyo ana minyoo, mpe dawa leo, si Jumamosi ukija kutoka mjini. Dume la Dorper juu ya majike mekundu ndiyo njia ninayoiamini mimi.

Mtafuta Malisho
Asanteni. Samahani sikueleza. Ni upande wa Makuyuni, Monduli, ndani kidogo ukiacha barabara ya Mto wa Mbu. Maji kuna lambo la kijiji kama kilomita 3. Josho lipo ila nasikia dawa huwa haiwekwi mara kwa mara. Kijana wa kuchunga nitatafuta. Ardhi nimeuziwa na mzee mmoja, tumeandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mpimaji
Haya, sasa tunaongea. Mzee, hiyo ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji itakusumbua. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, anayegawa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, tena kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi wa maneno tu. Kabla hujanunua hata kwato moja, nenda ofisi ya kijiji ukaulize kama eneo hilo lilishatengwa kuwa la malisho ya pamoja. Kama limetengwa, uzio wako utang'olewa mchana kweupe na hutakuwa na wa kumlaumu.

Mwana Kia
Mimi nachangia upande wa ng'ombe, na naomba mnisome mpaka mwisho.

Nipo Boma Ng'ombe, shamba liko tambarare huku chini. Niliuziwa mitamba chotara na dalali mmoja, simtaji. Alinihakikishia wote wamechanjwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoenezwa na kupe. Nikamuuliza mbona sioni hereni, maana ndama anayechanjwa ndigana huvishwa hereni hapo hapo. Akasema zimekatika kwenye miiba machungani. Kweli masikio yalikuwa na matundu. Lakini mitamba wenyewe walikulia bandani, wanakatiwa majani na kuletewa, miiba ya machungani wangeikuta wapi?

Basi wakashushwa kwenye fuso, wakaanza kutoka na wenzao. Baada ya wiki mbili tatu mmoja akawa anabaki nyuma, manyoya yamesimama. Ukimpapasa chini ya sikio unakuta tezi imevimba kama yai. Kijana akasema ni uchovu wa safari. Mtaalamu alipofika na dawa, na dawa yenyewe ya ndigana si ya bei ya mchezo na husaidia ukiwahi tu, mtamba alikuwa amelala anavutia pumzi mbavuni na povu jeupe linamtoka puani. Akafa usiku ule. Wa pili alikuwa tayari ana homa. Tukamchoma sindano, akapona ila alitupa mimba. Wengine wakafuatana. Dalali? Simu inaita, haipokelewi, mwisho haipatikani kabisa. Nikaenda mnadani kumtafuta, wenzake wakaniambia kasafiri.

Chanjo yenyewe anachanjwa mara moja tu na kinga inadumu. Kwa hiyo ng'ombe asiye na hereni sikioni mhesabu hajachanjwa, hata muuzaji ale kiapo.

Mama Ndafu
Pole sana Mwana Kia. Ndiyo maana nasema mbuzi.

Layoni wa Zamani
Mama, na mbuzi nao wana ormilo. Ile ya kuzunguka zunguka mpaka anaanguka. Inatokana na tegu wa mbwa: mbwa anakula kichwa cha kondoo au mbuzi aliyekufa, anaenda kunya malishoni, mifugo inakula mayai na majani. Watu wanachinja, kichwa wanamtupia mbwa kama zawadi. Choma kichwa au kifukie, na mbwa mpe dawa ya minyoo. Hii haihitaji mtaji, inahitaji kumkataza kijana wako.

Ngamia Mkuru
Nashangaa hakuna aliyetaja ngamia. Hapa chini ya Meru upande wa Mkuru ngamia wapo miaka mingi. Kiangazi ng'ombe anakauka chuchu, ngamia bado anakamuliwa. Anakaa siku nyingi bila maji, anakula miti ambayo hata mbuzi haifikii, na nyayo zake laini hazichimbui ardhi. Watu wa nyanda kavu tunang'ang'ania ng'ombe kwa mazoea tu.

Kijana wa Olasiti
Ngamia Makuyuni atauzia nani nyama? Watalii?

Ngamia Mkuru
Maziwa, mdogo wangu. Nimesema maziwa.

Mama Ndafu
Maziwa ya ngamia Arusha utayauza kwa nani kila siku asubuhi? Na mimba yake ni miezi 13, halafu anapumzika, kuzaa tena ni miaka miwili hivi. Mtoa mada ana haraka ya vuli, wewe unampa mnyama wa kurithisha wajukuu.

Ngamia Mkuru
Haraka ndiyo iliyowamaliza wengi kwenye ukame wa 2009. Longido na Monduli mizoga ilikuwa kando ya barabara, waliokuwa na ng'ombe mia wakabaki wanahesabika kwenye vidole. Na mwisho wa 2021 vuli ilipogoma, Simanjiro ikawa hivyo hivyo. Nani alizika ngamia?

Mpimaji
Waliokuwa na ngamia ni wangapi wa kuzika?

Mzalendo wa Mpwapwa
Wakuu mnabishania Boran na Galla, wote wametoka nje. Tuna ng'ombe wetu wa Mpwapwa, aliyetengenezwa Mpwapwa kwa ajili ya ukame huu huu, ametangazwa rasmi 1958, maziwa na nyama kwa pamoja. Mbona hatumtaji?

Dokta wa Josho
Kwa sababu kumpata aliye safi ni kazi. Mazuri yake nayajua, lakini mtoa mada hataweza kumsubiri.

Turudi Makuyuni. Mambo mawili.

La kwanza, nyumbu. Eneo hilo lipo kati ya Tarangire na Manyara, wanyama wanapita. Mwanzoni mwa mwaka nyumbu wakizaa, ndama wao wanabeba kirusi kinachowaua ng'ombe kwa homa, macho yanakuwa meupe, makamasi mazito. Ndiyo maana Wamaasai huhamisha ng'ombe wakati huo hata kama majani mabichi yako pale pale. Mbuzi na kondoo kwa nyumbu hawana shida hiyo. Fisi ndio shida yao, kwa hiyo zizi la matawi ya miiba peke yake halitoshi. Simanjiro kuna watu wamefunga waya kwenye miti hai ya Commiphora, mti unaota unakuwa nguzo isiyoliwa na mchwa.

La pili, ekari zako. Ekari 50 ni hekta 20. Nyanda kavu kama hizo hukadiriwa hekta 3 mpaka 5 kwa ng'ombe mmoja mwaka mzima. Yaani wako wanne, wakizidi sana sita. Wewe unasema 15. Wakiwa 15, kiangazi watakula hei. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 15 kwa siku 120 za kiangazi ni kilo 10,800. Robota la kilo 15, hayo ni marobota 720. Una banda la kuyaweka? Umeshauliza bei ya robota mwezi wa kwanza vuli ikigoma? Mimi ningekwambia mwaka huu usinunue mnyama yeyote. Tenga ekari 20, zipumzike, panda nyasi, weka tangi la maji. Mifugo ije baadaye.

Layoni wa Zamani
Dokta, hesabu yako ni ya ranchi. Huku kwetu hakuna anayechunga ndani ya ekari zake. Mifugo inatoka, inafuata majani, kiangazi inapanda, masika inashuka. Ekari 50 zinafaa kuwa alalili: unazifunga masika mpaka kiangazi, unawalishia ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha. Wengine wanachunga na wa kijiji kwa makubaliano. Hapo hata 15 wanawezekana.

Mpimaji
Makubaliano na nani? Yeye si mwanakijiji. Ndiyo narudi kule kule ofisi ya kijiji.

Mtafuta Malisho
Nimewasoma wote. Ofisi ya kijiji nitaenda. Ila lile la kutonunua mwaka huu Dokta linaniuma, hela ikikaa benki itaishia kwenye mambo mengine, najijua. Vipi nikianza na mbuzi 20 tu, majike na dume moja la Galla, huku nyasi zinaota? Na maji nichimbe kisima?

Fundi Bomba
Kabla ya kuchimba, pima maji. Kuzunguka Meru, Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, floraidi ni nyingi mno, meno ya watu yanabadilika rangi na ya mifugo pia. Upande wako sijui yatatokaje, peleka sampuli maabara kwanza. Kama kuna korongo linalopitisha maji masika, lambo dogo la kwako linaweza kukutosha kwa mbuzi hao. Mbuzi hanywi kama ng'ombe.

Dokta wa Josho
Mbuzi 20 sawa, lakini watoke boma moja linalojulikana, wasiwe wa kuokoteza minadani vichwa viwili viwili. Watenge wiki tatu kabla ya kuchanganya na wa jirani. Na uwe na kibali cha kuwasafirisha, kizuizini hawana mzaha.

Mama Ndafu
Wa minadani wana nini? Mimi nanunua minadani maisha yangu yote.

Dokta wa Josho
Wewe unanunua wa kuchinja, mama.

Kijana wa Olasiti
Samahani naingilia, hizo nyasi za kupanda ni zipi? Mzee wangu ana eneo Mirerani, limebaki vumbi tu.

Layoni wa Zamani
Cenchrus. Inavumilia. Usiizike sana, mbegu ni nyepesi, mwagia juu kabla ya mvua halafu buruzia tawi la mgunga.

Kijana wa Olasiti
Mbegu napata wapi?

Mwuza Mbegu Sakina
Ninazo, kilo na nusu kilo. Njoo inboksi.

Mwana Kia
Weka bei hapa hapa hadharani. Mambo ya inboksi ndiyo yale yale ya madalali.