Hita za shawa kwenye maghorofa ya zamani: tupeane uzoefu

Ngarenaro83: Wakuu, juzi hita ya jirani wa chini imeungua, harufu ya plastiki ikapanda hadi chumbani kwetu. Arusha hii ya Julai maji hayaogeki, najua. Ila majengo yetu yalitandazwa nyaya enzi za taa na redio. Mliofunga, yamewakuta yapi?

MamaWawili: Fundi wangu alikuja saa nne, saa tano kashaondoka. Hita ya wati 5,500, umeme kauchukua kwenye taa ya bafuni, waya wa milimita 1.5. Wiki ya pili mwanangu wa miaka sita akaniita: "Mama, bomba linaniuma." Nikadhani maji yamezidi moto. Nikashika koki, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Sijui nilijinasuaje, nakumbuka nikikimbilia mein swichi na mtoto analia na povu kichwani. Tulipofungua hita, waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, ulikuwa umekunjwa ndani, haujaungwa popote. Mpaka leo anaogea beseni, shawa haikaribii.

KijanaSakina: Pole dada. Kwetu nako koki inatekenya, tumezoea.

FundiMoshono: Msizoee hicho! Wati 5,500 kwa volti 230 ni ampia 24. Waya wa taa hauna ubavu huo. Hita inataka laini yake peke yake toka mein swichi: milimita 6, breka ya ampia 32, swichi ya kuzimia nje ya bafu, ethi iliyopimwa, na kikata umeme unaovuja cha miliampia 30.

BabaK: Maneno mengi. Breka yangu ilikuwa inakata kila hita ikiwaka, nikaweka ya ampia 40. Mwaka wa pili huu imetulia.

FundiMoshono: Iliyotulia ni breka, mzee. Waya unaiva ukutani.

BabaK: Mafundi mnatafuta kazi tu.

MamaWawili: Baba, nakuomba fungua uangalie.

Tulia_tu: Vaeni ndala za mpira, yaishe.

FundiMoshono: Mwili umelowa, ndala haikuokoi.

Mkaa_Nairobi: Huku maji ya kisima yana chumvi, elementi, ile inayochemsha maji ndani ya hita, inaliwa upesi. Zipo hita za maji ya chumvi, ulizeni kabla ya kununua.

BabaK: Nimefungua. Waya wa laivu, ule unaoleta umeme, umeungua ukageuka kahawia, plastiki inameguka kwa kucha. Nimezima. Fundi, Jumamosi una nafasi?

Ngarenaro83: Na sisi familia nane wenye laini moja ya umeme ya kuingilia jengoni, wote tukifunga?