Naomba ushauri: kupanda Amani, Usambara Mashariki, mwezi wa nne

Mgeni wa Milima: Wakuu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mimi na mwenzangu tunatokea Dar, tunataka kwenda Amani, juu ya Muheza, mwezi wa nne. Tuone mashamba ya chai, msitu, na maisha ya Wasambaa kwao. Barabara ikoje kipindi hicho? Nimeambiwa mengi hadi nakosa usingizi.

Kijana wa Kwamkoro: Umegusa kwetu. Mama yangu alichuma chai Kwamkoro. Mchumaji anachukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Asubuhi ukungu unashuka, humwoni aliye mstari wa pili, unasikia sauti tu. Msiishie kupiga picha shambani. Ombeni ruhusa muingie kiwandani muone jani linavyonyaushwa, linakatwa, linaachwa ligeuke rangi kabla ya kukaushwa. Harufu ile sijaisahau.

Mzee wa Soni: Nendeni Lushoto, Usambara Magharibi. Kutoka Mombo ni lami mpaka mjini, chai ipo Mponde, na kama mnautaka Usambaa wenyewe, Vugha ndiko walikotawala Wakilindi, ukoo wa wafalme, uzao wa Mbegha aliyeanzisha ufalme wa Wasambaa.

Mpenda Miti: Mzee, kaulizia Amani. Pale kuna bustani ya mimea tangu kituo cha utafiti cha Wajerumani cha mwaka 1902, na msitu wenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Chukueni mwongozaji wa kijijini, hela ibaki kwao.

Dada Mkunga: Ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na pasipo na lami masika ni tope. Mtu mzima wa afya atafika. Ila mdogo wangu, barabara tu ndiyo inakukosesha usingizi? Mwenzako ana nini?

Mgeni wa Milima: Ni mjamzito, dada. Miezi saba. Lakini hana presha, anaendelea vizuri, na yeye ndiye anayetaka. Bibi yake yuko huko juu, anasema lazima amwone kabla hajajifungua. Chumba nimeshalipia, gari la Noah nimeshakodi. Tukienda polepole sioni shida.

Baba Wawili: Mimba si ugonjwa. Mama zetu walilima mpaka siku ya uchungu. Baraka ya bibi haikataliwi.

Dada Mkunga: Na wengine tuliwazika, kaka.

Sidanganyiki: Hii ni chai, uongo mtupu. Mwanzo watalii, sasa bibi, sasa mimba. Kesho atatuambia ni mapacha.

Mgeni wa Milima: Ndugu, sipati chochote kwa kudanganya. Sikusema kwa sababu nilijua mtanizuia.

Kijana wa Kwamkoro: Bibi anakaa kijiji gani?

Mgeni wa Milima: Shebomeza.

Kijana wa Kwamkoro: Kwenye mradi wa vipepeo. Basi anapajua.

Sidanganyiki: Hata ramani inapajua.

Dada Mkunga: Awe mkweli asiwe, mjamzito mwingine anasoma hapa. Uchungu ukianza usiku huko juu na mvua inanyesha, Noah haishuki. Kliniki kwanza, muuguzi amwone, aseme yeye. Mkiruhusiwa, bebeni kadi ya kliniki na chandarua, laleni Muheza ambako hospitali ya Teule ipo karibu, na ikinyesha usiku msipande. La sivyo bibi ateremshwe, au mumpelekee mtoto mwezi wa nane, njia ikikauka.

Mgeni wa Milima: Bibi hashuki, miguu imemchoka. Na hela ya chumba hairudishwi.

Dada Mkunga: Hela ya chumba utaitafuta tena.

Mgeni wa Milima: Jumatatu ana kliniki. Nitaingia naye ndani, niulize mbele yake.

Kijana wa Kwamkoro: Akikatazwa, niandikie pembeni. Shangazi yangu yuko Shebomeza, ana simu ya picha. Atamfikia bibi, waonane hata hivyo.