Marejesho kila Jumanne, na ziwa lina mbalamwezi: mama wa dagaa natokaje hapa?

MamaChanja_Kibirizi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, huu mwaka wa tisa. Asubuhi mitumbwi ikiingia nanunua wabichi kwa ndoo, naanika, nafunga magunia, mzigo unapanda kwenda Dar. Kazi naijua. Hesabu ya mkopo ndiyo iliyonishinda.

Mwaka jana nilichukua 1,500,000 kwenye kampuni moja ya mikopo hapa mjini, siitaji. Kabla sijaishika wakakata 75,000 ya fomu na bima, nikatoka na 1,425,000. Kurejesha ni 195,000 kila Jumanne kwa wiki kumi. Wakati nasaini niliona rahisi tu, maana wiki nzuri 195,000 naipata nikiwa nimekaa.

Sasa nyie mnaojua ziwa mmeshacheka. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haivuti kitu, wavuvi wanatundika nyavu na kulala. Ile wiki Kibirizi unasikia redio na watoto tu. Wiki ya tatu ya mkopo wangu ikaangukia hapohapo. Jumanne asubuhi nina dagaa wa ndoo mbili wamekauka upande mmoja, na kwenye kikao tuko wanawake kumi na wawili tumedhaminiana, hakuna kutoka mpaka hela itimie. Tulikaa kuanzia saa nne mpaka saa tisa alasiri. Mwenzangu mmoja ana mtoto ananyonya, aliletewa mtoto pale pale kwenye benchi. Mwisho nikauza wale dagaa mbichimbichi kwa bei ya chakula cha kuku, pengo nikaziba kwa mkopo wa simu.

Wiki ya saba mwezi ukapevuka tena, na safari hii mvua ilikuwa imeshaanza. Mvua ya siku mbili kwa dagaa walio mchangani sina haja ya kuisimulia.

Nimemaliza deni. Sidaiwi na mtu. Ila mtaji uliobaki ni 640,000, na nataka vichanja vya waya vya kuanikia vinne pamoja na turubai, niachane na mchanga. Nimepiga hesabu kama 2,000,000 hivi. Swali langu: kuna mkopo unaomsubiri mtu mwezi uzame? Au nyie wenzangu mnafanyaje? Msiniambie "acha kukopa", hilo mume wangu ameshaniambia bure.

Bwana_Marejesho

Pole sana mama. Nimekuwa afisa mikopo miaka sita, Tabora na Kigoma, sasa hivi nimeacha nalima. Nadhani mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaokaa kwenye benchi, kwa hiyo nisamehe kwanza.

Tupige hesabu yako. Umerudisha 1,950,000. Riba ni 450,000 kwa miezi miwili na nusu, bado ile 75,000 waliyokata mwanzo. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hizi kampuni na watu binafsi wenye leseni wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 1,500,000 hiyo ni 52,500 kwa mwezi. Miezi miwili na nusu haifiki hata 135,000, na hapo nimekupigia kwa deni zima kana kwamba hukupunguza kitu. Ukipiga kwa deni linalopungua inashuka zaidi.

Kwa hiyo siku nyingine kabla ya kusaini, omba kuona leseni yao ya Benki Kuu, na mkataba uondoke na nakala yake. Akianza kuzungukazunguka, aga. Kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wengi hawana hiyo leseni kabisa, ndiyo maana wanapenda kuandikiana kwenye daftari la shule.

Ila nikuambie ukweli wa ndani. Kila wiki haikuwekwa kwa ajili yako. Imewekwa kwa sababu afisa ana watu mia na zaidi, na akikuacha mwezi mzima anaogopa hela utakuwa umeila. Mwenye genge la nyanya inamfaa, anauza kila siku. Wewe haikufai hata riba ingekuwa sifuri. Nilikuwa na wateja wa dagaa ambao kila mwezi, wiki ileile, walikuwa wanachelewa. Bosi anaandika "wasumbufu". Hakuna aliyewahi kuangalia angani.

Mawese_Ujiji

Dada yangu wa Kibirizi, sisi tuko Ujiji tunakamua mawese, kikundi cha akina mama. Tulipata ule mkopo wa halmashauri, unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake, ile nne ya wanawake (nne nyingine ya vijana, mbili ya wenye ulemavu). Hauna riba. Narudia, hauna riba hata senti.

Lakini usifikiri ni kwenda leo na kesho unaletewa. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukaja kurudi mwaka wa fedha 2024/25, na sisi tulikuwa tumeshaandaa karatasi zote kabla haujasimama. Zilikaa kabatini mpaka panya wakaonja. Uliporudi tukaanza upya: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki ya kikundi, vitambulisho vya taifa, usajili, barua ya mtendaji. Anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Usianzie manispaa, watakurudisha kata, na nauli imeshakwenda.

Na andiko la mradi, hapo ndipo pa kusemea shida yako. Sisi michikichi ina msimu, basi tuliandika wazi miezi ya mavuno na miezi mikavu, tukaomba tuanze kurejesha baadaye na tulipe kwa mwezi. Wakatukubalia. Wewe andika mbalamwezi! Weka na jedwali. Usione aibu, watu wa manispaa ya Kigoma Ujiji wanakula dagaa kama sisi.

Jambo la kuangalia ni watu. Mwanakikundi wetu mmoja alichukua mgao wake akapanda basi, hatujamwona mpaka leo. Tumemlipia. Chagua wenye vichanja, siyo wenye maneno.

Mzee_wa_Katonga

Mwanangu, mimi nina mitumbwi miwili, kwa hiyo naongea kutoka upande wa majini.

Umesahau kitu kikubwa kuliko mbalamwezi. Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu samaki wazaliane. Nia ni nzuri, sibishi, dagaa walikuwa wamepungua mpaka tunatia huruma. Lakini waliokopa Aprili walikiona. Mtu ana marejesho ya kila wiki na chombo kiko juu ya magogo. Kwa hiyo kabla hujasaini karatasi yoyote uliza ofisi ya uvuvi: mwaka huu kukoje? Mkopo uishe kabla, au uanze baada.

La pili, kuna mali kauli. Wewe huna haja ya hela ya kununulia dagaa, una haja ya hela ya vichanja. Ni vitu viwili hivyo. Wabichi mimi naweza kukupa mtu kama wewe kwa neno lako, unanilipa mzigo ukishauzwa. Wenzako wanafanya hivyo na mimi miaka yote. Hiyo 640,000 usiitie kwenye ndoo.

Dalali_wa_Dagaa

Mzee hapo juu kasema vizuri, ila mama jihadhari na mali kauli ya upande wa pili, ya wanunuzi wa Dar. Tajiri anakutumia 2,000,000 leo, riba hakuna, unashangilia. Mzigo ukifika anakupangia bei anayotaka, kilo anapima yeye, gunia "lina mchanga" hata kama uliwaanika juu mawinguni. Nimekaa huko, nimeyaona. Ile riba uliyoikimbia inakurudia kupitia kwenye mizani.

Chanja ni sahihi kabisa. Dagaa wa chanja anameta, hana mchanga, mnunuzi haanzi ugomvi.

AsaliSikonge

Mimi niko Tabora, nafunga asali. Ongezea SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, kwenye orodha yako. Wana mfuko wao wa kukopesha wajasiriamali, na hata usipokopa wanakufundisha kufungasha na kukusogeza kwenye alama ya ubora ya TBS. Kigoma wana ofisi. Mimi walichonisaidia zaidi ni kuniambia nianze kuandika. Nilikuwa naweka hesabu kichwani, nikiulizwa mauzo ya mwezi nasema "mazuri". Miezi sita ya daftari ndiyo iliyonifungulia mlango, siyo nyumba wala kiwanja, maana sina.

Na kama mauzo yako kwa mwaka hayavuki 4,000,000 ile kodi ya makadirio ya TRA huilipi, lakini kwa hesabu zako umevuka, kwa hiyo chukua TIN yako, namba ya mlipakodi, mapema. Inatolewa bure, asikudanganye mtu.

MamaChanja_Kibirizi

Asanteni jamani, nimesoma zote mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba watoto asikie.

Bwana Marejesho nimekusamehe, ila hiyo 135,000 imeniuma. Nimeitoa kwenye 450,000, nikarudia kwa kikokotoo cha simu nikidhani nimekosea. Ni zaidi ya nusu ya chanja hiyo.

Nilichoamua ni hiki. Nimegundua nilikuwa nachanganya hela ya ndoo na hela ya chanja, Mzee wa Katonga amenifumbua macho. Wabichi nitachukua kwa mali kauli hapahapa ufukweni, siyo kwa tajiri wa Dar. Kwa 640,000 naanza na chanja kimoja na turubai sasa hivi, kabla ya mvua. Vitatu vilivyobaki naviombea kwenye kikundi. Tumeshafika wanne, wa tano ni yule mwenye mtoto anayenyonya, kasema atakuja tukianza Jumatano, Jumanne hataki hata kuisikia. Daftari nimenunua jana. Nimeanza kuandika, upande wa kushoto siku, katikati ndoo, kulia nimechora mwezi ulivyokuwa usiku huo. Binti yangu wa darasa la sita ndiye anayechora.

Sasa aliye Mwanga sokoni leo aniangalizie bei ya waya wa chanja, ule wa matundu madogo.

Mawese_Ujiji

Napita Mwanga mchana. Unataka mita ngapi?

MamaChanja_Kibirizi

Kumi na mbili. Na ukiona turubai la bluu zito, uliza pia, ila usiwaambie ni la dagaa, watapandisha.