Mchujo wa vyama 2027: wasio na chama wapige kura, ama orodha ifungwe?

Ndugu zangu, uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na kabla ya hapo vyama vitafanya mchujo, yaani kura ya kuteua wagombea wao. Naleta swali moja: nani ana haki ya kupiga kura kwenye mchujo?

Sheria ya Vyama vya Kisiasa, ilivyorekebishwa Januari 2022, inasema mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama waliomo kwenye sajili ambayo chama kimewasilisha kwa IEBC, tume ya uchaguzi. Chama kikitaka, kinatumia wajumbe. Msimamo wangu ni huu: mpiga kura yeyote wa wadi hiyo aliyesajiliwa na IEBC, ambaye si mwanachama wa chama kingine, aruhusiwe kupiga kura. Mwanachama wa chama pinzani ndiye abaki nje.

Kwenye ngome za vyama, na sote tunazijua, mwenye tiketi ameshafika. Kule kaunti za Siaya au Homa Bay, Agosti watu hupanga foleni kuthibitisha tu jambo lililoamuliwa Aprili. Sasa mkazi ambaye hana chama, anayelipa kodi na kutibiwa kwenye zahanati ile ile, amempigia nani kura? Ameletewa mtu aliyekwisha kuchaguliwa.

Mtaniambia ajisajili, ni bure na ni dakika chache. Hebu tuitazame sajili yenyewe. Ili chama kisajiliwe kikamilifu, sheria inakitaka kiwe na wapiga kura wasiopungua 1,000 katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Hizo ni kaunti 24, yaani majina 24,000 kwa uchache. Majina hayo yanatoka wapi? Juni 2021 Wakenya walipoingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuangalia, wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kukanyaga ofisi zake. Malalamiko yakafika hadi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Orodha iliyojazwa namna hiyo ndiyo tunataka iamue nani apewe karatasi ya kura?

Nimewahi kukaa kituoni kama ajenti siku ya mchujo. Karani alikuwa na orodha iliyochapishwa, kurasa zimeunganishwa kwa pini, na rula ya kufuatia mistari. Mama mmoja alitoa kitambulisho, rula ikashuka ukurasa mzima, ikarudi juu, jina hakuna. Mama alikuwa amevaa fulana ya chama hicho hicho. Nyuma yake kijana ambaye hakuna aliyemfahamu pale mtaani alikuta jina lake limo, akapiga kura, akapanda matatu iliyokuwa ikimsubiri. Orodha ilifuatwa kikamilifu siku ile.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi kabisa: mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti. Kura ya Agosti ni siri, lakini uanachama uko kwenye sajili. Sheria hiyo hiyo inamkataza mtumishi wa umma kujihusisha na siasa kwa namna itakayotia shaka kwamba hapendelei upande. Wengi wanaamua kukaa mbali kabisa, na siwalaumu. Kwa hiyo mchujo ukifungwa, watu hawa wanapoteza sauti yao pale pale inapohesabika.

Wenye umri wanakumbuka mlolongo, yaani kura ya foleni, wa 1988. Mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, ulikuwa wa wanachama tu; mtu alisimama nyuma ya wakala wa mgombea au picha yake mchana kweupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mbunge bila kupingwa. Viongozi wa makanisa kupitia baraza lao, NCCK, walikuwa wamepinga utaratibu huo tangu 1986, kwa sababu mchungaji akijipanga nyuma ya mgombea mmoja, waumini wa mwingine watamtazamaje Jumapili? Foleni ilifutwa. Ila hofu ya kujulikana uko upande gani haikufutwa. Imehamia kwenye sajili.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu

Ndugu aliyeandika kwamba chama cha siasa ni kama kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, asiyechanga hapewi zamu: nimekuelewa, lakini sote tunachanga. Hazina ya Vyama vya Kisiasa inatokana na kodi, na sheria imeitengea angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Tena, kikundi kile hakiteui mtu wa kupanga bajeti ya kaunti nzima.

Aliyesema wapinzani watajazana kwenye mchujo wetu wamchague mgombea dhaifu: hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu sikusema kila mtu aingie. Sheria imekwisha kukataza kuwa kwenye vyama viwili kwa wakati mmoja. Msajili wa Vyama ana majina. Aliyeko chama kingine anaondolewa kwenye orodha ya kituo, waliobaki wanapiga.

Kaka aliyekumbusha mchujo wa chama cha Jubilee wa Aprili 2017, mpango wa kadi za chama ulipowekwa kando na watu wakapiga kura kwa kitambulisho, umegusa penye kidonda. Watu walifurika, karatasi hazikutosha, mchujo ukaahirishwa kwenye kaunti nyingi. Lakini kosa lilikuwa la maandalizi. Idadi ya wapiga kura wa kila kituo ilikuwa kwa IEBC muda wote. Aliyechapisha karatasi pungufu hakuiangalia, au hakutaka kuiangalia.

Na dada yetu aliyeko Bronx, New York, anasema kwao mchujo umefungwa kwa wanachama tu na mambo yanakwenda. Yanakwendaje, dada? New York ukitaka kubadili chama mwisho ni tarehe 14 Februari, na mchujo ni Juni. Wakati ule sheria ilipokuwa kali zaidi, mwaka 2016, Ivanka na Eric Trump walishindwa kumpigia baba yao kura kwa sababu walichelewa kujisajili Republican. Mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda mchujo wa Democrat wa umeya, na wakazi wa jiji wasio na chama walitazama tu. Jimbo la Colorado wanafanya ninachopendekeza: asiye na chama anatumiwa karatasi za vyama vyote viwili vikubwa kwa posta, anajaza moja. Akirudisha zote mbili, hakuna inayohesabiwa.

Hapo Colorado wametushinda kwenye jambo moja ambalo mpango wangu haujakaa sawa. Sisi hatutumii posta, na vyama vyetu havifanyi mchujo siku moja. Asiye na chama anaweza kupiga kura kwa hiki Jumanne na kwa kile Ijumaa. Ama IEBC isimamie mchujo wote siku moja, ama kuwe na alama kwenye rejista ya wapiga kura mtu akishapiga mara moja. Mimi naelemea siku moja, gharama na ilipwe. Waliowahi kuwa makarani wa IEBC humu ndani: vituo vyetu vinaweza kubeba masanduku ya vyama vitatu au vinne kwa pamoja?