Mwongozo wa IPC (kinga na udhibiti wa maambukizi) tunao, semina tumefanya, wodini hali ni ileile. Tuanzie wapi?

nesi_wa_zamu:
Habari zenu wakuu. Nimepewa kusimamia kinga na udhibiti wa maambukizi hospitalini kwetu. Mabango ya kunawa mikono yamejaa kila ukuta ila ukikaa wodini dakika chache tu unaona mtu katoka kwa mgonjwa huyu kaenda kwa yule na glovu zilezile, ukimwambia anakujibu kazi nyingi. Na daktari bingwa akipita raundi bila kunawa nani atamsemesha? Mliofanikiwa mlianzaje, maana ule mwongozo ni kitabu kizima.

mzee_wa_theatre:
Sista achana na mabango, angalia sinki liko wapi. Kunawa kwa maji na sabuni inavyotakiwa ni sekunde 40 mpaka 60, weka na kutembea kwenda na kurudi, zidisha kwa wagonjwa wote wa zamu, utaona huyo anayesema kazi nyingi hadanganyi. Sanitaiza ya spiriti ni sekunde 20 hadi 30 na inakaa palepale kitandani. Hospitali ya Geneva kule Uswisi walifanya hivyo miaka ya 90, wakaongeza kupima na kurudisha majibu kwa wafanyakazi, ufuasi wa kusafisha mikono ukapanda toka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997 na maambukizi yakashuka. Asilimia 66 na bado dunia nzima inawatolea mfano, kwa hiyo usitegemee miujiza.
Ila mikono ikiwa na uchafu wa kuonekana, au mgonjwa anaharisha kwa C. difficile (bakteria wa utumbo), hapo ni maji na sabuni, spiriti haiui mbegu za yule bakteria.

mama_usafi:
Na sisi wa usafi mtuite kwenye semina jamani, siyo manesi tu! Unakuta damu imemwagika mtu anaimwagia klorini juu kwa juu halafu anapiga deki. Damu inaimaliza nguvu klorini. Futa kwanza, osha, ndipo uweke ya asilimia 0.5 uiache dakika 10. Na ichanganywe kila siku, ile ya juzi iliyokaa juani ni maji tu. Halafu sefti boksi, lile la sindano zilizotumika, ikifika robo tatu ifungwe, msisindilie, sisi ndio tunaochomwa.

nesi_wa_zamu:
Asante mama, hilo la semina nimelichukua. Na la daktari je?

dr_kimya:
Ubishi wetu haujaanza leo, daktari Semmelweis aliwaambia madaktari wa Vienna wanawe mikono mwaka 1847, vifo vya wanawake wanaojifungua vikashuka na bado wenzake wengi wakamkatalia. Usimsemeshe mbele ya wagonjwa, atakuwa mbogo. Pima unawaji wa wodi nzima bila majina, mpelekee mkuu wa idara, wao wenyewe watabanana. Ukipima tenganisha "kabla ya kumgusa mgonjwa" na "baada", kwa kawaida "baada" iko juu kwa sababu mtu anajikinga yeye, mgonjwa anaumia kwenye "kabla". Glovu nazo hivyohivyo, zinavaliwa kumlinda aliyezivaa.
Halafu usipime mwenyewe umeshika faili, wakikuona tu wote wananawa.

mzee_wa_theatre:
Hahaha kweli kabisa. Anza na wodi moja sista, ile ambayo inchaji wake anakuelewa, na kabla ya yote hakikisha stoo sanitaiza haikatiki.