Naomba ushauri: AM4 au AM5 kwa milioni 2.5?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nataka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu nzito. Bajeti milioni 2.5. Monita, kibodi na mausi ninavyo, hela yote ni ya mashine yenyewe.

Nimekwama hapa: nichukue prosesa ya Ryzen 5 5600 ya soketi ya AM4 (soketi ni pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi) na mazabodi ya B550, nitumie RAM yangu ya DDR4 ya GB 16 iliyobaki kwenye mashine ya zamani, chenji yote iende kwenye kadi ya grafiki, au Ryzen 5 7600? Hiyo ya pili ni soketi ya AM5, inataka DDR5 tu, kwa hiyo RAM nanunua upya na kadi itabidi ishuke daraja. Moyo wangu uko AM4, ila fundi mmoja hapa mjini kanikatalia kabisa, eti imeshazeeka.

Kadi nimeulizia Arusha mpaka Kariakoo. Kuna jamaa Arusha ana RTX 3060 ya GB 12, mtumba. Feni moja inakwaruza ukiizungusha kwa kidole, na skrubu za nyuma zina alama za bisibisi. Anaapa haijawahi kuchimba sarafu za kidijitali (na muuzaji gani atakwambia imechimba?).

Umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka, hivyo pawa saplai sitaki ya bei chee. Nalenga wati 650.

Kwa gemu za 1080p (skrini ya Full HD), nibaki AM4? Na hiyo kadi, nikipewa nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa, niangalie nini hasa?